Sikio, jicho, ulimi: matamshi ya Kiswahili yanapotukwama sisi wa Uganda

Mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda Bukoba, Tanzania, nilihitaji kioo cha dirisha. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikamsalimu mzee aliyekaa mlangoni, nikamwambia, "Mzee, natafuta choo." Akanyoosha kidole kwenye uchochoro wa pembeni. "Nyuma pale, mwanangu. Shilingi mia mbili."

Mimi ni Mganda, yaani mtu wa Buganda. Kosa lile nilikuja kulielewa miaka baadaye, nilipoanza kufundisha Kiswahili jioni hapa Kampala na kuyasikia makosa yaleyale kila muhula: kwa wafanyabiashara wa soko la Kikuubo wanaopiga simu Dar es Salaam, kwa wauguzi, kwa madereva wa malori, na kwa walimu waliokabidhiwa vipindi vya Kiswahili ilhali wao wenyewe hawajakizoea. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Amri haikufika mdomoni.

Nimepanga matatizo kwa dalili. Tafuta inayokuhusu, mengine yaruke.

Kabla ya yote: kosa liko wapi?

Watu wengi huja kwangu wakisema "ulimi wangu mzito". Mara nyingi ulimi unasingiziwa. Pima mambo matatu kwa mpangilio huu.

Sikio kwanza. Mpe mtu anayekijua Kiswahili maneno mawili yanayokaribiana, kwa mfano kalamu na karamu. Afunike mdomo kwa karatasi, alisome moja kati ya hayo mara kumi bila mpangilio, nawe uandike ulilosikia. Ukipata matano au sita, umebahatisha tu, husikii tofauti. Hapo mazoezi ya ulimi ni bure.

Kisha jicho. Litaje neno bila kulisoma. Ukilitamka vizuri katika mazungumzo na vibaya ukiwa na kitabu, tatizo ni tahajia.

Ulimi mwisho. Kama unasikia tofauti na unajua neno linavyoandikwa, lakini ukimwiga msemaji papo hapo bado linatoka vingine, sasa tunaweza kuuzungumzia ulimi.

Sababu ya kuanza na sikio inajulikana. Mwaka 1984 watafiti wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa nyumba hizo hawakuzisikia, na kwamba kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia. Sikio la mtoto hujifunga kwenye lugha ya nyumbani kabla hajasema lolote la maana. Habari njema ni kwamba halijifungi kwa kufuli. Wajapani watu wazima, ambao r na l za Kiingereza huwasumbua kama zinavyotusumbua sisi, walifunzwa katika majaribio ya miaka ya 1990 kuzitambua kwa kusikiliza sauti za wasemaji tofauti. Masikio yao yaliboreka, na hata matamshi yao yakaboreka ingawa hawakuwa wamefundishwa kutamka. Kwa hiyo usimsikilize mwalimu mmoja tu. Sikiliza redio za Tanzania na Kenya, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana.

Dalili: r na l zinabadilishana

Hili ndilo kubwa, na lina sura mbili zinazohitaji dawa tofauti. Walimu wengi huzichanganya.

Sura ya kwanza ni ya Waganda: "habali", "lafiki", lakini pia "mbiri" na "mirere". Ukisikiliza haraka utadhani mtu anabahatisha. Habahatishi. Kiganda kina r na l zote mbili, ila zimegawana maeneo: r hukaa baada ya e na i, l hukaa kwingine. Ndiyo maana barua ilipoingia Kiganda ikawa ebbaluwa, sukari ikawa ssukaali, wakati dirisha lilibaki na r yake katika eddirisa. Kwa Mganda, r na l ni sauti moja yenye nguo mbili, na irabu iliyotangulia ndiyo inayochagua nguo.

Ukaguzi rahisi: andika maneno kumi unayokosea, utazame irabu iliyo kabla ya sauti yenyewe. Kama r inakushinda baada ya a, o, u na mwanzoni mwa neno, na l inakushinda baada ya e na i, ugonjwa ni kanuni hiyo. Mdomo wako mzima. Unatamka emmere na omuliro kila siku bila shida.

Dawa ni kuianza sauti pale inapoishi, kisha kuihamisha. Sema "ni rafiki". Itatoka safi, kwa kuwa i imetangulia. Irudie mara tano, kila mara ukiipunguza sauti ya "ni" mpaka ibaki moyoni tu. Kwa l fanya kinyume: "mbala, mbola, mbula, mbila, mbili". Dakika tano asubuhi zinatosha. Usifanye nusu saa, utachoka na kanuni ya zamani itarudi.

Sura ya pili ni ya magharibi, hasa Wanyankole na Wakiga. Lugha zao huandikwa kwa r tu, na l ni mgeni, ndipo "kula" inakuwa "kura" na "lala" inakuwa "rara". Hapa pana kazi ya ulimi kweli. Anzia kwenye n, kwa sababu n na l hukaa mahali pamoja, ncha ya ulimi ikigusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Sema "nnnn" bila kuachia. Sasa, ulimi ukiwa palepale, legeza pembe zake hewa ipite kando ya mdomo badala ya puani. Hiyo ni l. Kuihakiki, jaribu kuivuta: l huvutika hadi pumzi iishe, "lllla", ilhali r ukiivuta hutetemeka au hukatika.

Sababu ya tatu, isiyotokea sana, ni woga. Mtu amechekwa kazini, sasa anabadilisha kila l kuwa r au kinyume chake, hata zilizokuwa sahihi. Utamjua kwa kuwa anakosea zaidi mbele ya wakubwa kuliko sokoni. Huyo mwache apumzike, zoezi litamzidishia.

Je, inafaa kusumbuka kwa kila neno? Hapana. Kura hupigwa na chakula huliwa, kwa hiyo kitenzi hukuokoa. Nguvu zako zipeleke kwenye maneno yasiyookolewa na sentensi: kalamu na karamu, hali na hari, mbali na mbari, na hasa mahali na mahari. Mwanafunzi wangu mmoja wa Mbarara alimwambia baba wa mchumba wake, Mtanzania, kwamba amefurahi kuona mahari pazuri namna ile. Mzee alidhani kijana ameanza mazungumzo mapema.

Dalili: h inapotea, au inajitokeza isikoitwa

Hili watu hulichukulia kama dogo. Mimi naliweka juu kuliko r na l, kwa sababu h ya Kiswahili imebeba "hapana".

Atakuja. Hatakuja. Atalipa. Hatalipa. Ondoa h na umegeuza ahadi. Mama mmoja wa Kikuubo alimpigia wakala wa Dar es Salaam kumweleza kwamba dereva hatakuja leo. Wakala akasikia "atakuja", akapanga vibarua, wakakaa kutwa wakisubiri lori, na nani alipe posho yao ikawa kesi ya wiki nzima.

Sababu ya kwanza ni kwamba alfabeti ya Kiganda haina h kabisa. Sababu ya pili ni mwendo: hata aliyejifunza h huiangusha akizungumza haraka, hasa kwenye simu. Ya tatu ni ile ya woga tena, inayozaa "hasante" na "hasubuhi". Wenzetu wa magharibi hawana tatizo hili, okuhika na okuhinga wanazisema tangu utotoni.

Kagua hivi: weka kiganja sentimita tano mbele ya mdomo, useme "apa, hapa, apa, hapa". Neno la pili lazima lilete joto kiganjani kabla ya irabu. Kisha jaribu "Uko huko?" Ukisikia "Uko uko", bado.

Tiba yake haina ufundi. H ni pumzi tu, ile unayoitoa ukitaka kufuta kioo cha miwani. Ila kwa kukanusha, nawashauri wanafunzi wangu wasitegemee h peke yake mpaka iwe imara. Sema "Hapana, dereva hatakuja." Neno la ziada halina gharama, vibarua wanayo.

Dalili: kioo kinakuwa choo, kiatu kinakuwa chatu

Ndiyo, chatu yule nyoka. "Nimenunua chatu kipya" nimeshaisikia darasani.

Katika Kiganda, ki- ikikutana na irabu hugeuka ky-, na ky hutamkwa karibu na ch. Kyambogo wengi wetu twaitamka kama Chambogo. Mganda akiona "kioo" mdomo unafanya ulichozoea. Tena si ujinga, maana Kiswahili chenyewe hufanya vivyo hivyo: ki-ake ni chake, ki-ote ni chote, ki-umba ni chumba. Kiatu, kioo na kiazi zilipona kwa sababu zamani palikuwa na konsonanti katikati iliyodondoka.

Hesabu silabi kwa vidole: ki-o-o, tatu, na uzito kwenye o ya kwanza. Cho-o, mbili. Ki-a-tu, tatu. Cha-tu, mbili. Ukipata hesabu, umepata neno. Sijawahi kuona aliyehitaji zaidi ya wiki moja hapa.

Dalili: s, sh na ch zinaingiliana

Waganda hatuna sh. Dirisha likawa eddirisa, shamba linakuwa "samba", na kwenye basi mtu anamwambia kondakta "nasuka hapa", abiria wakamtazama atoe kitana. Sikio likishasikia tofauti ya shuka na suka, mdomo ni rahisi: kila mzazi huitoa sh anapomnyamazisha mtoto. Anza na "ssss", sogeza midomo mbele kama unataka kupuliza, vuta ulimi nyuma kidogo. Maneno ya kufanyia kazi: shaba na saba, shuka na suka.

Kaskazini hali ni nyingine. Kiacholi na Kilango cha asili havina s wala f. Pesa ziliitwa cente, saa ikawa cawa, sukari ikawa cukari, na c hiyo ni ch. Vijana waliopita shule hawana shida, wamezipata s na f kwa Kiingereza. Kwa wazee bado utasikia "asante chana" na "pundi" badala ya fundi. Kwa f, meno ya juu yaguse mdomo wa chini, kisha upulize. Kioo cha mkononi hufundisha hili kuliko mwalimu, kwa kuwa p hufunga midomo yote miwili na jicho linaona.

Dalili: "samani" kwa thamani, "zahabu" kwa dhahabu, "gali" kwa ghali

Sauti hizi zilikuja na maneno ya Kiarabu, na hata bara la Tanzania wako wengi wasiozitamka. Kwa th na dh, ncha ya ulimi itokeze kati ya meno. Kwa gh, fanya kama unasukutua maji kooni bila maji. Kama wewe si mtangazaji wala mwalimu, ziache za mwisho. Nisichokipenda ni mtu anayejifunza th leo, kesho kila s yake ikawa th, "thatha" na "thana".

Dalili: unasema vizuri, unasoma vibaya

Hapa jicho ndilo lenye makosa. Mfano bora ni ng'ombe. Mganda anayesoma "ngombe" ana sauti hiyohiyo nyumbani, anaiandika ŋ katika eŋŋoma na eŋŋaano. Waacholi nao wanayo. Kinachowapotosha ni kile kialama cha juu, ambacho kwenye ujumbe wa simu watu hawakiandiki kabisa. Chukua kitabu chako, kila ng' uiandikie ŋ kwa penseli juu yake. Baada ya kurasa kumi hutahitaji penseli.

Nne husomwa "ine" au "ne". Kumbuka nnya, nne ya Kiganda, unavyoikalia ile n ya mwanzo. Fanya hivyo hivyo. Na mtu husomwa "mutu", mtoto "mutoto", kwa kuwa kwetu ni omuntu na omutwe. Funga midomo, iimbe m kidogo puani, kisha t. Hata hivyo "mutu" inaeleweka kutoka Kampala hadi Kisangani. Kwenye mtihani itakugharimu, sokoni hapana.

Dalili: b, d, g zinasikika p, t, k

Nimeikuta zaidi kwa wasemaji wa Kigisu kutoka upande wa Mbale. Baba anakuwa papa, na papa ni samaki. Weka vidole kooni: kwenye b koo hutetemeka tangu mwanzo, kwenye p hapana. Njia fupi ni kuingilia kupitia mb na nd, ambazo zipo tayari kinywani: "mbaba, mbaba, baba", "ndada, dada".

Dalili: kila sauti iko sawa, bado wanakuuliza "unasema?"

Sababu iliyozoeleka ni mkazo. Kiganda ni lugha ya toni, Kiswahili si lugha ya toni. Chenyewe huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huuhamisha neno linaporefuka: NYUmba, nyumBAni. Anayeubakiza kwenye "NYUmbani" huwachosha wasikilizaji bila wao kujua kwa nini. Yapo machache yanayokataa kanuni: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa.

Sababu ya pili ni urefu wa irabu, na hapa Waganda tuna faida. Anayejua kwamba okusiba na okusiiba ni mambo mawili hatashindwa na kata na kataa. Tatizo hutokea kwa kuvuta pasipoandikwa mara mbili. Jirekodi ukisoma aya moja, usikilize kesho yake, si papo hapo. Sikio la kesho halina huruma.

Pale unapopaswa kuacha mazoezi

Yote niliyoeleza ni ya watu wazima wenye afya. Lafudhi si ugonjwa. Lakini yapo mambo yanayofanana na matamshi mabaya na siyo.

Mtu aliyekuwa akisema vizuri akianza ghafla kuburuza maneno, mdomo ukaenda upande au mkono ukakosa nguvu, hicho huenda ni kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo, si kesho, hata kama hali inaonekana kupungua. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua inahitaji daktari wa koo.

Kwa watoto, kwanza tulia. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "yafiki" au "titabu" anajenga, hajaharibika. Wasiwasi uanze kama hajabwabwaja silabi zozote kufikia mwaka mmoja, hana neno lolote kwa miezi 18, au ana miaka minne na wageni hawamwelewi. Kitu cha kwanza kupimwa ni masikio, hasa kama yamewahi kutoa usaha au kama aliugua homa ya uti wa mgongo. Mulago kuna idara ya masikio, pua na koo, na Makerere imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba ya usemi tangu 2008. Bado ni wachache, omba rufaa mapema.

Mtoto ambaye hewa inamtokea puani kwenye p, b na s achunguzwe kaakaa. Ufa wa kaakaa unaweza kufichwa na ngozi. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, hufanya upasuaji wa midomo na kaakaa.

Usimpeleke mtoto akatwe kimio kwa mganga ili "aongee". Kimio hakizuii maneno, na kisu hicho huleta damu na maambukizi. Uzi wa chini ya ulimi nao usiguswe na asiye daktari. Mtoto anayeweza kulamba mdomo wake wa juu mara nyingi uzi huo haumsumbui.

Kigugumizi si kosa la matamshi. Usimmalizie maneno, usimwambie "sema polepole". Kikizidi miezi sita, au akianza kukwepa kuzungumza, mtafute mtaalamu wa usemi.

Ukienda kliniki, mrekodi mtoto kwa simu dakika mbili akicheza na wenzake, katika lugha anayoitumia nyumbani. Mbele ya daktari mgeni atanyamaza, na mlango ukishafungwa mtakuwa mmesafiri bure.